Ginataang isda: Samaki wa tui anayewashibisha Wafilipino ugenini

Na Mwandishi Wetu

SAA za jioni, katika majengo ya ghorofa ya mitaa ya Satwa na Karama mjini Dubai, harufu ya tangawizi na kitunguu saumu humfikia mgeni kabla hajafunguliwa mlango. Ndani ya nyumba moja huweza kuishi watu sita, pengine kumi, kila mmoja akiwa amepanga kitanda tu wala si chumba. Jiko ni moja, friji ni moja, na zamu ya kupika hupangwa kama zamu ya kazini. Wengi wa wapangaji hao ni Wafilipino: wahudumu wa hoteli, wauzaji wa maduka, wauguzi, mafundi na wafanyakazi wa saluni.

Kila mmoja wao hupokea mshahara akiwa na hesabu mbili kichwani. Ya kwanza ni fedha ya kutuma nyumbani. Ya pili ni chakula chake mwenyewe hadi mwisho wa mwezi. Hesabu ya kwanza haiguswi, kwa kuwa imebeba ada ya mtoto, dawa za mzazi au deni lililochukuliwa ili kulipia safari. Kinachopunguzwa ni sahani, na mtu asipokuwa mwangalifu hujikuta akila tambi za pakiti usiku baada ya usiku.

Miongoni mwa vyakula vinavyowaokoa na hali hiyo ni ginataang isda, yaani samaki aliyepikwa kwa tui la nazi. Ni chakula cha gharama ndogo, hakihitaji mafuta mengi wala viungo adimu, huiva kwa muda usiofika saa moja, na ladha yake ni ile ile ya nyumbani. Hata hivyo, si kila anayekipika ugenini hufanikiwa. Tui la kopo halina tabia sawa na tui la nazi iliyokunwa asubuhi, na samaki wa barafu si sawa na samaki aliyevuliwa alfajiri. Makala haya yanaeleza asili ya chakula hicho, namna ya kuchagua samaki na tui mbali na nyumbani, na jinsi ya kukipika bila kupoteza fedha.

Jina na asili yake

Katika lugha ya Kitagalogi, gata ni tui la nazi. Ginataan ni kitu chochote kilichopikwa kwa tui, kiwe kitoweo, mboga au hata uji mtamu wa wali na matunda. Isda ni samaki. Kwa hiyo ginataang isda si pishi moja lenye kanuni moja, bali ni jina la jumla linalobadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa. Katika mkoa wa Bicol, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Luzon, tui huandamana na pilipili kali kiasi cha kumtoa mgeni machozi. Kwingineko pilipili hutiwa nzima bila kupasuliwa, ili itoe harufu tu.

Ufilipino ni nchi ya pili duniani kwa uzalishaji wa nazi baada ya Indonesia, na matumizi ya tui huko ni ya kale. Antonio Pigafetta, Mwitalia aliyesafiri na Ferdinand Magellan na kufika visiwa hivyo mwaka 1521, aliandika jinsi nyama ya nazi ilivyokunwa, ikachanganywa na maji na kuchujwa kwa kitambaa, kikatoka kitu alichokilinganisha na maziwa ya mbuzi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatapata shida kuuelewa utaratibu huo. Kifaa kinachoitwa kudkuran nchini Ufilipino ndicho tunachokiita mbuzi ya kukunia nazi, na mkunaji hukikalia vilevile. Tui la kwanza, zito, ambalo Waswahili huliita kasimile, wao huliita kakang gata. Tui la pili, jepesi, ndilo la kuchemshia kitoweo, na lile zito hutiwa mwishoni. Undugu huo wa jikoni una historia. Utafiti wa vinasaba vya minazi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa minazi ya Madagaska, Visiwa vya Komoro na pwani ya Afrika Mashariki imechanganyika na mbegu za upande wa Pasifiki. Watafiti walihusisha jambo hilo na safari za kale za mabaharia wa jamii ya lugha za Kiaustronesia, ambayo Kitagalogi ni mojawapo.

Nchi iliyosambaa duniani

Kwenda kufanya kazi nje ni mfumo rasmi nchini Ufilipino. Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, iliyotolewa wakati wa utawala wa Ferdinand Marcos, ndiyo iliyoweka msingi wa serikali kusimamia ajira za ng'ambo. Mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuunda wizara kamili ya wafanyakazi wahamiaji. Fedha zinazotumwa nyumbani kupitia mabenki zilipita dola za Marekani bilioni 33 katika mwaka 2023 pekee. Nyuma ya kiasi hicho wapo mamilioni ya watu wanaojinyima, na sehemu kubwa ya kujinyima huko hufanyika jikoni.

Mazingira ya kupikia hutofautiana. Katika nchi za Ghuba wengi hupika katika majiko ya pamoja. Huko Hong Kong, kanuni iliyoanza mwaka 2003 inawataka wafanyakazi wa ndani wa kigeni kuishi katika nyumba za waajiri wao, hivyo anayetaka chakula cha kwao hutegemea ridhaa ya mwenye jiko. Jumapili, siku ya mapumziko ya wengi wao, maelfu hukusanyika katika eneo la Central, wakitandika maboksi chini na kufungua vyakula walivyobeba. Kitoweo cha tui hufaa kwa safari hiyo, kwa sababu hakiharibiki sura kikiwekwa kwenye chombo chenye mfuniko na wali hukinywa mchuzi wake taratibu.

Lipo pia suala la majirani. Samaki mkavu wa kukaanga, anayependwa sana na Wafilipino, ana harufu inayopenya kuta na kuzua malalamiko katika majengo ya watu wengi. Samaki wa kuchemshwa kwa tui, tangawizi na siki hutoa harufu ya upole zaidi. Kwa mtu anayeishi kwa mkataba wa kitanda, amani na wenzake ni sehemu ya gharama za maisha.

Samaki gani anunuliwe?

Nyumbani, samaki wa mtu wa kipato cha chini ni galunggong, samaki mdogo wa baharini mwenye umbo la kukaribiana na vibua. Bei yake imekuwa kipimo cha ugumu wa maisha kiasi kwamba wanasiasa huitaja majukwaani. Mwaka 2018 serikali ya Ufilipino iliruhusu samaki huyo kuagizwa kutoka nje ili kukabiliana na upungufu na kupanda kwa bei. Mwingine anayependwa kwa tui ni tulingan, jodari mdogo mwenye nyama nyeusi.

Ugenini, kanuni ni kutafuta samaki wa bei ya chini wa mahali ulipo, si kutafuta samaki wa kwenu. Katika masoko ya Ghuba, vibua, dagaa wakubwa na perege huwa na nafuu kuliko changu na chewa. Barani Ulaya, vibua na minofu myeupe ya samaki wa kufugwa kutoka Vietnam hupatikana kwa bei ya kumudu. Samaki mzima, mwenye kichwa na mifupa, mara nyingi huuzwa chini ya bei ya minofu, na kichwa chake ndicho kinachoupa mchuzi uzito.

Perege anastahili kutajwa kipekee. Wafilipino wengi humwona kuwa samaki wa kwao, ilhali asili yake ni Afrika. Perege wa Msumbiji alipelekwa Ufilipino mwaka 1950 akipitia Thailand, na sato wa Mto Nile akafuata mwaka 1972. Mwaka 1988 ulianza nchini humo mradi mkubwa wa kuboresha mbegu ya sato, ukitumia samaki wa asili waliokusanywa kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal pamoja na aina zilizokuwa zikifugwa barani Asia. Mbegu iliyopatikana hukua haraka, na imesambaa katika mabwawa ya nchi nyingi. Hivyo Mfilipino anayetia perege kwenye tui anapika samaki mwenye asili ya mito na maziwa ya Afrika.

Hapa pana tahadhari ambayo haipaswi kupuuzwa. Samaki wa jamii ya jodari, vibua na dagaa wakikaa kwenye joto hutengeneza kemikali iitwayo histamini. Kemikali hiyo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Anayekula samaki wa namna hiyo huweza kupata wekundu wa uso, muwasho, kichwa kuuma, mapigo ya moyo kwenda mbio na kutapika, mara nyingi ndani ya saa moja. Katika miji ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Selsiasi, safari ya nusu saa kutoka sokoni bila barafu yaweza kuanzisha madhara. Anayenunua samaki mwishoni mwa siku kwa sababu bei imeshuka na amhakiki kwanza: macho yawe maangavu, mashavu ya ndani yawe mekundu, na nyama irudi inapobonyezwa. Kama hana mfuko wa barafu, ni salama zaidi kununua aliyegandishwa dukani.

Tui la kopo na la unga

Nazi nzima hupatikana katika miji mingi mikubwa, lakini kuikuna katika jiko la zamu ni kuwachelewesha wengine. Wengi hutumia tui la kopo au la unga. Kosa la kwanza hutokea dukani. Maziwa ya nazi ya boksi yaliyotengenezwa kwa ajili ya kunywa asubuhi ni mepesi mno kwa mchuzi, na krimu ya nazi iliyotiwa sukari kwa ajili ya vinywaji itaharibu samaki kabisa. Linalofaa ni kopo ambalo maelezo yake yanaanza na nazi, kisha maji, bila sukari.

Kosa la pili ni kumimina kopo lote mara moja. Mpishi mwenye uzoefu huliweka kopo kwenye friji usiku mmoja bila kulitikisa. Likifunguliwa, tabaka zito huwa limekaa juu. Hilo huchotwa kwa kijiko na kuwekwa pembeni, nalo ndilo kakang gata. Kinachobaki huongezwa maji na kuwa tui la pili. Makopo mengine yana vitu vya kuzuia tui lisijitenge, hivyo hayatagawanyika. Katika hali hiyo hutengwa theluthi moja ya tui kwa ajili ya mwisho, na theluthi mbili huzimuliwa kwa maji. Tui la unga nalo hukorogwa kwa maji ya vuguvugu mara mbili: zito kidogo kando, na jepesi la kuchemshia.

Mahitaji ya watu wanne

Samaki kilo 1, mzima au vipande. Tui la kopo moja la mililita 400. Maji kikombe kimoja. Siki vijiko 3 vya chakula. Tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ikatwe vipande vyembamba. Punje 5 za kitunguu saumu. Kitunguu maji kimoja. Pilipili mbichi ndefu 2. Bilinganya moja au kipande cha papai bichi. Fungu moja la majani ya mboga. Chumvi na pilipili manga.

Kuhusu mboga, jani linalopendwa ni malunggay, ambalo si jingine bali mlonge. Pasipo mlonge hutumika matembele, mchicha au spinachi. Kangkong, mboga ya majini ya Asia, ni jamaa wa karibu wa matembele na huuzwa katika maduka ya Waasia. Majani ya magimbi yanahitaji uangalifu: yasipochemshwa kwa muda mrefu huwasha koo, hivyo hayafai kutiwa dakika za mwisho. Wafilipino hutumia pia patis, mchuzi wa chumvi unaotokana na samaki waliovundikwa. Kama bei yake ni kubwa, chumvi ya kawaida inatosha.

Namna ya kupika

Samaki asafishwe, achanjwe mistari miwili kila upande na apakwe chumvi. Akae dakika 15 huku viungo vikikatwa. Hakuna haja ya kumkaanga kwanza. Wapo wanaofanya hivyo ili nyama isivunjike, lakini hutumia mafuta ya ziada na kuongeza harufu nyumbani.

Tandaza nusu ya tangawizi, kitunguu maji na kitunguu saumu chini ya sufuria pana. Tabaka hilo humzuia samaki asishike chini. Mpange samaki juu yake bila kumrundika, kisha umfunike kwa viungo vilivyobaki na bilinganya. Mimina siki na nusu kikombe cha maji. Washa moto wa wastani na uache vichemke bila mfuniko na bila kukoroga kwa dakika 4 au 5. Wapishi wa Kifilipino hushika sana kanuni hiyo ya kutoigusa siki kabla haijachemka, wakisema ukali wake mbichi utabaki kwenye mchuzi.

Sasa ongeza tui la pili, lililozimuliwa kwa maji yaliyosalia. Punguza moto. Acha lichemke polepole kwa dakika 10 hadi 12, kutegemea unene wa samaki. Badala ya kukoroga kwa mwiko, shika masikio ya sufuria na uitikise taratibu, kisha uteke mchuzi kwa upawa na kumwagia samaki juu. Ameiva pale nyama inapoachana na mfupa kirahisi.

Tia pilipili nzima na majani. Dakika 2 baadaye mimina tui zito. Usiruhusu mchemko mkali tena. Mchuzi ufukute tu kwa dakika 3 hadi 5, kisha zima moto. Onja chumvi wakati huo, si kabla, kwa kuwa mchuzi huwa umepungua. Pakua na wali mweupe.

Kwa nini tui hukatika?

Swali hili huwasumbua wapishi wa Manila na wa Mombasa vilevile. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini za nazi. Moto mkali na wa muda mrefu hugandisha protini hizo, matone huungana, na mafuta huelea juu huku chembe nyeupe zikibaki. Siki, ndimu na ukwaju huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana siki hutangulia na kuchemka na maji kwanza, nalo tui zito, lenye mafuta mengi, huingia mwisho kwenye moto mdogo.

Hata hivyo, kukatika si kosa kila mahali. Bicol na mikoa mingine hupenda mchuzi uachwe jikoni hadi mafuta ya nazi yatokeze na kung'aa juu ya samaki, na huko mchuzi mweupe huonekana haujaiva. Anayetaka ladha hiyo ajue kwamba tui la kopo lenye vitu vya kuzuia kujitenga huchukua muda mrefu zaidi kufikia hapo.

Mwezi unapokaribia kwisha

Siku chache kabla ya mshahara, samaki mbichi huweza kuwa anasa. Hapo hutumika ginataang sardinas, yaani dagaa wa kopo waliopikwa kwa tui. Kitunguu maji na tangawizi hukaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta, hutiwa kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, kisha makopo mawili ya dagaa pamoja na mchuzi wake wa nyanya. Mwisho huongezwa majani mengi ya mlonge au mchicha. Dagaa wameshaiva kiwandani, hivyo dakika 10 za moto zinatosha. Siki haihitajiki, kwa kuwa nyanya ina uchachu wake.

Jambo la mwisho ni utunzaji, maana fedha iliyookolewa sokoni huweza kupotea kwenye friji. Tui huharibika upesi. Kitoweo kisikae nje zaidi ya saa 2, na katika joto kali zaidi ya saa 1. Kiwekwe kwenye friji na kiliwe ndani ya siku 2, kikipashwa mara moja tu hadi kichemke. Tui lililobaki lisiachwe ndani ya kopo lake. Lihamishiwe kwenye chombo chenye mfuniko, au ligandishwe kwenye trei ya barafu na kutumika vipande vichache kwa wakati. Wenye matatizo ya moyo watumie zaidi tui jepesi, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni yale yanayoshauriwa kuliwa kwa kiasi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kilo moja ya samaki, kopo moja la tui na fungu la majani huwalisha watu wanne chakula cha jioni. Wanne hao wakichanga na kupika kwa zamu, kila mmoja hugharamia mlo mmoja na kula minne. Ndiyo sababu katika nyumba za vitanda vya kupanga, zamu ya ginataan haisahauliki: wali ukiongezwa kikombe kimoja, mchuzi unaobaki hufungwa usiku huo huo kwenye chombo, na kesho yake mmoja wao hana haja ya kununua chakula cha mchana kazini.